Mnara wa simu umesimama nyuma ya ukuta wetu. Tuuze nyumba?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka saba na mitatu, na nina ujauzito wa miezi mitano. Tunaishi pembezoni mwa Morogoro, nyumba tumeijenga wenyewe kidogo kidogo kwa miaka tisa. Mwaka jana jirani wa nyuma alipangisha kipande cha kiwanja chake. Tukaona lori linashusha vyuma, na wiki chache baadaye mnara wa simu umesimama kama mita thelathini kutoka dirisha la chumba cha watoto. Hakuna aliyetuuliza. Tangu hapo mwanangu mkubwa analalamika kichwa karibu kila wiki, mimi usingizi umepotea, umeme ukikatika jenereta yao inanguruma usiku, mpapai wetu hauzai, na bibi wa nyumba ya tatu amegundulika ana saratani ya titi miezi minane tu baada ya mnara kuwashwa. Kwenye kundi la mtaa inazunguka sauti ya mtu anayejiita daktari. Anasema mionzi ya minara inaharibu mimba na inaleta saratani ya ubongo kwa watoto, na kwamba 5G ndiyo iliyoleta korona. Kuna kijana anauza stika za kuzuia mionzi, za kubandika kwenye simu na ukutani, shilingi elfu kumi na tano moja. Majirani wanakusanya saini mnara ung'olewe. Mume wangu anasema tuuze nyumba, shemeji anasema sisi ni washamba tunaoogopa maendeleo. Naomba unieleze ukweli, usinifiche."

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima mawimbi yanayotoka kwenye minara, kwa hiyo uliyoyaandika nimeyasikia kwenye baraza nyingi, ila mara chache yakiwa yamepangwa namna hii, kila jambo na wakati wake. Shemeji yako amekukosea. Mtu anayeona chuma kigeni kimesimama mita thelathini kutoka kitanda cha mwanawe, akahesabu miezi, kisha akauliza kabla ya kuuza au kuandamana, huyo si mshamba.

Nitangulize jibu ili usisome roho ikiwa juu. Kwa sababu ya mionzi ya mnara, msiuze nyumba. Stika usinunue hata moja. Mtoto mpeleke akapimwe, na nitakueleza apimwe nini. Lakini malalamiko yenu yasiishe, maana ndani ya barua yako kuna mambo mawili yamefungwa furushi moja: hofu ya mionzi, na ukweli kwamba mtu amekuja kusimamisha mtambo nyuma ya ukuta wenu bila kubisha hodi. La kwanza lina majibu ya kisayansi, na kwa sehemu kubwa yatakutuliza. La pili ni haki yenu, na naomba sana jibu la kwanza lisilimeze.

Tuanze na neno lenyewe, mionzi, kwa sababu hapo Kiswahili chetu kinatuponza. Tunasema mionzi ya jua. Tunasema mgonjwa kapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kupigwa mionzi. Tunasema mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yaliacha mionzi. Na mnara wa simu nao tunasema una mionzi. Neno moja limebeba vitu ambavyo vikifika kwenye mwili wa mtu havifanyi kazi moja. Anayesikia "mionzi" halafu akakumbuka wodi ya saratani hajakosa akili. Neno ndilo lililompeleka huko.

Vyote hivyo ni nishati inayosafiri. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kila chembe ya nishati hiyo. Einstein alilieleza hili mwaka 1905, na kazi hiyo ndiyo iliyotajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921: mwanga, pamoja na mawimbi yote ya ukoo wake, hutoa nishati yake chembe kwa chembe, na kila chembe ina kipimo chake. Fikiria embe limening'inia juu ya mti. Ukilirushia jiwe likapata kikonyo, linaanguka. Ukilirushia mchanga, konzi kwa konzi, kutwa nzima, utalichafua tu. Halianguki, kwa sababu punje moja moja haina nguvu ya kukata kikonyo, na punje elfu moja haziungani zikawa jiwe.

Vinasaba vilivyo ndani ya seli zetu vina vikonyo vya namna hiyo, yaani vifungo vya kikemikali. Eksirei na mionzi ya nyuklia ni mawe, inakata. Urujuanimno wa jua, ile mionzi yake isiyoonekana kwa macho, ni jiwe dogo, lakini ni jiwe. Ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino wanaumizwa mno na saratani ya ngozi, na ndiyo maana pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni maalumu ya kuwakinga na jua. Mawimbi ya simu ni mchanga. Chembe yake moja ina nishati pungufu kwa mara laki kadhaa kuliko ile inayotakiwa kuvunja kifungo kimoja. Ukiongeza minara umeongeza mchanga, hujaugeuza kuwa mawe. 5G nayo ni mchanga.

Je, mawimbi haya hayafanyi lolote mwilini? Hufanya jambo moja ambalo halina ubishi: yakiwa makali, hupasha joto. Oveni ya maikrowevu hutumia mawimbi ya ukoo huohuo, ila humimina mamia ya wati ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Kwa hiyo walioweka vikomo vya kimataifa walitafuta kiwango ambacho mnyama wa maabara huanza kuonyesha kwamba joto linamsumbua, wakakigawanya kwa 50, na hicho ndicho kikomo cha raia wa kawaida. Katika raia hao wamehesabiwa watoto na wajawazito.

Sasa tuje nyuma ya ukuta wako. Yale maboksi membamba marefu yaliyofungwa juu ya mnara ndiyo antena. Kila moja hulishwa makumi ya wati. Globu ya zamani ilikuwa na 60 au 100. Antena haimwagi nguvu hiyo kila upande kama globu, inaikusanya mbele kama tochi. Nikichukua mtu aliyesimama mita 100 mbele kabisa ya antena, ndani ya mwali wenyewe, hesabu inanipa kama 0.02 ya wati kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha kimataifa kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5. Hata nusu ya asilimia moja haijafika. Jumlisha antena za kampuni mbili tatu kwenye mnara mmoja, bado unazungumzia asilimia chache. Jua la saa saba mchana hushusha karibu wati 1,000 kwenye mita hiyohiyo ya mraba.

Na wewe hauko ndani ya mwali. Hili ndilo watu wengi hawaliamini mpaka walione kwenye kipimo. Antena ziko juu sana na zinatazama mbele, zimeinama kidogo tu, ili ziwafikie watu wa mbali. Mwali unapita juu ya paa lako na kutua mtaa wa pili au wa tatu. Anayekaa chini ya mnara yuko kama aliyesimama mgongoni mwa mwenye tochi. Kinachomfikia ni masalia.

Niliwahi kukaa barazani kwa mama mmoja huko Kibaha, mnara ukiwa jirani kama huo wenu. Kipimo nilikiweka juu ya kiti cha plastiki, mama kakaa kwenye mkeka anachambua mchele huku ananitazama usoni kuliko anavyokitazama kifaa. Tarakimu zilikuwa zinacheza chini kabisa. Mara zikaruka. Mama akaacha ungo, akatazama juu kwenye mnara. Nami nikainua macho. Kumbe kijana wake alikuwa ametoka ndani na kuketi karibu yetu, simu mkononi, anamrushia rafiki yake video. Nikamwomba aipeleke simu jikoni. Tarakimu zikashuka. Akairudisha, zikapanda. Tulifanya hivyo mara tatu, mara ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyeibeba. Kisha akaketi, akanyamaza kidogo, akasema: "Kumbe mnara wenyewe tunalala nao."

Sikukisimulia kisa hiki ili uanze kuiogopa simu. Nimekisimulia kwa sababu ya umbali. Simu ina nguvu ndogo sana kuliko antena ya mnara, lakini iko kwenye sikio, na ukali wa mawimbi hushuka haraka kadiri unavyosogea: ukizidisha umbali mara mbili, ukali unabaki robo. Tena simu ni kama mtu anayeongea na mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Mnara ukiwa mbali simu inapaza sauti, ukiwa karibu inanong'ona. Kwa hiyo mnara ukisukumwa kilomita tatu kutoka mtaani, mawimbi yanayogusa kichwa cha mwanao anapocheza na simu yako yanaweza kuongezeka badala ya kupungua. Stika za yule kijana nazo zipime hivyohivyo. Kama hazizuii kitu, elfu kumi na tano imepotea. Kama kweli zinazuia, simu itaongeza nguvu ili ipenye. Kama unataka kupunguza mawimbi kichwani, tumia spika au waya za masikioni, na usiweke simu chini ya mto. Bure kabisa.

Umeniomba nisikufiche, kwa hiyo na haya uyasikie. Yule wa kwenye sauti hakutunga kila kitu. Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani na makao yake yako Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, kwenye kundi liitwalo 2B: "huenda" yanasababisha saratani. Neno hilo likasafiri duniani likiwa limepoteza "huenda" yake njiani. Makundi ya shirika hilo hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima uzito wa ushahidi. 2B maana yake kuna dokezo ambalo haliwezi kutupwa wala kuaminiwa, utafiti uendelee. Juu yake kuna 2A, yaani ushahidi mzito zaidi. Na kwenye 2A kuna nini? Kuna moshi wa kuni ndani ya nyumba. Kuna vinywaji vinavyonywewa vya moto kupita nyuzi 65, kwa sababu ya saratani ya umio, ugonjwa unaotusumbua kweli katika ukanda huu wa Afrika kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini. Sijawahi kusikia mtaa uliokusanya saini dhidi ya chai ya moto. Halafu juu kabisa liko kundi la 1, ambalo ushahidi wake umetosha. Huko iko tumbaku, iko pombe, na kiko kitu kimoja kinachohusu mtaa wenu moja kwa moja. Nitakitaja mbele kidogo.

Mwaka 2018 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa panya. Panya hao walipigwa mawimbi ya simu mwili mzima kwa kama saa tisa kwa siku, miaka miwili, kwa viwango vikali kuliko tunavyovipata sisi. Panya dume walionekana kupata uvimbe wa moyo ambao ni nadra. Lakini panya dume hao hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mawimbi, na hiyo peke yake inakuonyesha kwa nini wanasayansi hawakukimbilia kupiga mbiu. Utafiti wa namna hiyo hautupwi, unawekwa kwenye mizani pamoja na mwingine. Mizani hiyo ilipangwa mwaka 2024: mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalikusanya tafiti 63 kutoka nchi 22, za kati ya mwaka 1994 na 2022, na hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu zaidi ya miaka kumi. Kuhusu minara ya simu na ya utangazaji, hayakuona ongezeko la saratani ya damu wala ya ubongo kwa watoto, ingawa waandishi walisema wazi kwamba ushahidi wa upande huo wa minara ni mwembamba kuliko ule wa simu. Sayansi haiwezi kukuapia kwamba kitu hakina dhara lolote milele. Inaweza kukuambia kwamba watu wengi wametafuta dhara hilo kwa miaka thelathini, na kama lipo ni dogo kiasi cha kutoonekana.

Bibi wa nyumba ya tatu mpe pole zangu. Saratani yake haikuanza na mnara. Uvimbe wa titi unaoshikika mkononi kwa kawaida umeshakua kwa miaka ndipo mkono uuone. Hata Hiroshima, ambako watu walipigwa na yale mawe hasa, saratani ya damu ilianza kuongezeka baada ya kama miaka miwili, na uvimbe wa viungo vingine ulichukua miaka kama kumi. Miezi minane haitoshi. Anachohitaji bibi ni majirani watakaomsindikiza kliniki asikose tarehe zake, na kama kuna binti zake, nao wakapimwe.

Mpapai uangalie maua. Kama yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawimatawi, huo ni dume, na mpapai dume kwa kawaida hauzai, mnara uwepo usiwepo. Vinginevyo mwite afisa ugani.

Na korona. Ugonjwa ulithibitishwa Tanzania na Kenya Machi 2020. Huduma ya 5G ya kibiashara ilianza katika nchi hizi mbili mwaka 2022. Kirusi hakipandi juu ya wimbi. Lakini uvumi huo haukuanzia kwetu, na ningependa shemeji yako alisome hili. Aprili 2020 nchini Uingereza, nchi yenye shule na vyuo vya kutosha, watu walichoma minara ya simu moto kwa imani hiyohiyo. Mmoja wa minara hiyo ulikuwa unahudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona iliyokuwa Birmingham, wakati ambao ndugu hawaruhusiwi wodini na simu ndiyo iliyobaki njia ya kuwaona wagonjwa wao. Kwa hiyo suala si ushamba. Mtu anapoogopa, na wenye kujua hawajaja kumweleza, atamsikiliza yeyote atakayefika kwanza. Mtaani kwenu aliyefika kwanza ni mtu wa sauti, na wa pili ni mwenye stika. Hilo ni kosa letu sisi wenye vipimo kuliko lenu. Tunakuja na gari, tunapima dakika ishirini, tunasema "iko chini ya kikomo", tunaondoka, na kikomo chenyewe hatujasema ni kipi.

Sasa kichwa cha mtoto na usingizi wako. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Essex kiliwachukua watu wanaosema minara inawaumiza, pamoja na wengine wasio na shida hiyo. Walipoambiwa kwamba mawimbi yamewashwa, wale wenye malalamiko walijisikia vibaya zaidi. Walipofichwa, wasijue lini yamewashwa na lini yamezimwa, tofauti haikuonekana. Usilisome jambo hili kana kwamba watu walikuwa wanaigiza. Maumivu yalikuwa ya kweli. Mwili wenye hofu hukaza misuli ya shingo, hukata usingizi, hupandisha mapigo ya moyo, na kichwa kinauma sawasawa. Mtoto wa miaka saba anayemsikia mama na baba wakinong'ona usiku kuhusu saratani ya ubongo anaweza kuumwa kichwa, na hadanganyi.

Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu kuna maneno manne kwenye barua yako uliyapita mbiombio: "jenereta yao inanguruma usiku". Kwangu mimi hayo ndiyo mazito kuliko yote uliyoandika. Jenereta ya dizeli iliyo nyuma ya ukuta hutoa kelele za kukata usingizi wa mtoto na wa mjamzito, na usingizi uliokatika ni sababu tosha ya kichwa kuuma. Na hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna chembechembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na mna hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo dalili yake ya kwanza ni kichwa. Na kile kitu cha kundi la 1 nilichosema nitakitaja ni hiki: tangu mwaka 2012, shirika lilelile la Lyon limeuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, bila neno "huenda". Juu ya mnara mna 2B, chini yake pana kundi la 1, na mtaa mzima unatazama juu.

Ndiyo maana waraka wa saini unanitia wasiwasi. Hupaswi kuukataa, ila kama umeandikwa "mionzi" peke yake, najua utakavyojibiwa. Atakuja mtu kama mimi, atapima, kipimo kitakuwa chini, ataandika barua yenye muhuri, na suala litafungwa. Jenereta itabaki palepale. Uandikeni upya. Serikali ya mtaa iwaonyeshe kibali cha ujenzi na namna majirani walivyoshirikishwa. Suala la kelele na moshi lifikisheni NEMC, wasimamizi wa mazingira. Bomba la moshi liinuliwe na kugeuzwa lisitazame madirisha, jenereta iwekewe kizuia kelele au isogezwe, na mwulizeni mwenye mnara kwa nini asitumie betri au sola usiku, maana teknolojia hiyo ipo na minara mingi inaitumia. Ulizeni waya wa kushusha radi ardhini unakaguliwa lini, kwa sababu shaba huibwa, na mnara uliokatwa waya wake huo ni hatari kwenu mvua ikinyesha kwa radi. Uzio ufungwe, watoto wasipande. Mbele ya antena kwa mita chache ndiko ambako kikomo kinaweza kupitwa. Na mionzi nayo msiiache: TCRA ndiyo wasimamizi wa mawasiliano, na Tume ya Nguvu za Atomiki ina wataalamu wa kupima. Ombeni kipimo kifanyike ndani ya chumba cha watoto, dirishani, ninyi mkiwepo, na tarakimu mwandikiwe pamoja na kikomo chake kwenye karatasi moja. Ndugu zetu wa Kenya wanaosoma hapa, kwenu milango ni NEMA na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuhusu kuhama, nadhani mume wako anatafuta njia ya kuwalinda, na hilo ni jema. Mwonyeshe hesabu hii. Mtauza kwa bei ya hofu, mtakwenda kupanga mahali ambapo huenda mnara uko mita mia mbili, ndani ya mwali hasa, na hamtaujua kwa sababu hamuuoni dirishani. Kama mwenye mnara atakataa kabisa kushughulikia jenereta na mkashindwa kila ofisi, hapo tutazungumza tena, lakini tutakuwa tunazungumzia kelele na moshi.

Mtoto usimwache mpaka mambo ya mnara yaishe. Kichwa kinachouma kila wiki kwa mtoto wa miaka saba kina sababu nyingi za kawaida: macho, upungufu wa damu, malaria, meno, kutokunywa maji ya kutosha, kipandauso. Apimwe macho na damu wiki hii. Kama kichwa kinamwamsha usiku au kinauma zaidi alfajiri na kumtapisha, kama anaona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea, amepata degedege, au amebadilika tabia ghafla, usisubiri wiki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama nyumba nzima mnaumwa kichwa kwa pamoja jenereta ikiwa inawaka, na mkitoka nje kinapungua, fungueni madirisha ya upande wa mbele, tokeni, nendeni mkaseme hospitali kwamba mmevuta moshi. Wewe mwenyewe kliniki wakikupima presha waambie hulali. Kichwa kikali kwa mjamzito, hasa ukiona maluweluwe au kuvimba uso na mikono, ni cha kukimbizwa siku hiyohiyo.

Kuna kazi moja ya kuanza leo usiku. Chukua daftari la shule, chora mistari mitatu. Mstari wa kwanza andika saa jenereta ilipowaka na ilipozimwa. Wa pili, saa mtoto alipolalamika kichwa. Wa tatu, saa mlizolala. Endelea wiki mbili bila kuruka siku, hata siku njema, kwa sababu siku njema nazo ni ushahidi. Likijaa, toa nakala mbili. Moja mpe daktari wa mtoto, nyingine ibandikeni nyuma ya waraka wa saini kabla haujapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa.